Samli, nazi na kolesteroli: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Assalaam alaykum, mtaalamu. Nakuandikia kutoka Tanga. Mume wangu ana miaka 54, ana presha na anatumia dawa zake, havuti sigara, na kazi yake ni ya dukani, kutwa amekaa. Mwezi uliopita alipimwa mafuta kwenye damu: kolesteroli jumla 6.5, LDL 4.5, HDL 1.1, trigliseraidi 1.9. Daktari akamwambia aache mafuta, akamwandikia atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, basi. Sisi tunapikia samli ya ng'ombe, kilo mbili kwa mwezi kwa watu watano, na nazi moja kila siku kama ilivyo huku kwetu. Kijana wetu anatuonyesha video zinazosema samli haina dhara, kolesteroli ni biashara ya wauza dawa, na sumu yenyewe ni mafuta ya alizeti. Baba yake amefurahi, dawa kaiweka kabatini. Nimsikilize nani? Halafu binti yetu anajifungua mwezi ujao, na mama mkwe ameshaweka samli ya mzazi. Tumkataze?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. La kwanza ni dawa. Mwambie shemeji aitoe kabatini leo na aitumie kama alivyoandikiwa, na kama ina kitu kinachomtia wasiwasi, aende kwa daktari wake amuulize ana kwa ana. Mtu wa miaka 54 mwenye presha na LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, ya 4.5 hana nafasi ya kusubiri mabishano ya mitandaoni yaishe. Nitairudia dawa huko mbele, kwa sababu ukishaona hesabu ya chakula ndipo utaelewa kwa nini daktari hakuishia kwenye ushauri wa jikoni.

Sasa samli. Ndiyo, samli inapandisha kolesteroli ya LDL. Na haipandishi kwa sababu yenyewe ina kolesteroli. Kijiko kimoja cha chakula cha samli kina miligramu 35 hivi za kolesteroli, ilhali mwili wenyewe hutengeneza mara nyingi zaidi ya hizo kila siku, hata usipotia mdomoni chochote kitokacho kwa mnyama. Kinachofanya kazi ni mafuta yaliyoshiba, yale ambayo yakipoa huganda. Samli ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yakaisha na masalia ya maziwa yakatua chini, ikachujwa. Kinachobaki ni mafuta karibu matupu, na katika kila gramu 100 gramu 62 hivi ni mafuta yaliyoshiba. Katika alizeti kiasi hicho ni gramu 11 hivi.

Kwa nini mafuta yaliyoshiba yapandishe LDL? LDL ni chembechembe zinazosafirisha kolesteroli ndani ya damu, na ini ndilo lenye kazi ya kuziondoa. Kwenye uso wa seli za ini kuna vipokezi vinavyozikamata na kuziingiza ndani zikavunjwe. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1985 kwa kazi iliyovifichua vipokezi hivyo. Mtu anapokula mafuta mengi yaliyoshiba, hasa aina za palmitiki, miristiki na lauriki, ini hupunguza vipokezi vyake. Wewe ni mtu wa Tanga, fikiria bandari: meli zinaingia kama kawaida lakini makuli wamepunguzwa, mizigo inarundikana gatini. LDL nayo inabaki kwenye damu siku nyingi kuliko inavyotakiwa, na kadiri inavyobaki ndivyo inavyopenya kwenye kuta za mishipa na kuanza kujijenga humo, mwaka baada ya mwaka, bila maumivu wala dalili.

Samli pia ina asidi ya steariki, ambayo nayo ni mafuta yaliyoshiba lakini haipandishi LDL. Watetezi wa samli huishika sana hoja hii. Ni kweli, ila steariki ni kama asilimia 12 tu ya samli, na palmitiki peke yake ni zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Upo utafiti mmoja wa Uswidi, uliochapishwa mwaka 2015, ninaoupenda kwa sababu unagusa hasa jambo lako. Watu wazima waliozidi uzito waligawiwa makundi mawili, kila mmoja akapewa gramu 40 za mafuta ya maziwa kwa siku kwa wiki 8. Kundi moja liliyapata ndani ya krimu, jingine katika mafuta ya siagi yaliyosafishwa, ambayo kwa sisi ni samli. Mafuta ni yale yale ya ng'ombe, kiasi ni kile kile. Waliokula mafuta yaliyosafishwa LDL yao ilipanda, na wa krimu hawakupata madhara hayo. Katika maziwa, mafuta yamo ndani ya vitone vilivyozungukwa na utando mwembamba, na utando huo huharibika siagi inapotengenezwa. Kwa hiyo shemeji akiuliza kama maziwa mgando nayo yamepigwa marufuku, jibu ni hapana. Bilauri ya mtindi na kijiko cha samli si kitu kimoja mwilini, japo vyote vimetoka kwenye kiwele kimoja.

Tuingie jikoni kwako. Kilo mbili kwa mwezi kwa watu watano ni gramu 13 kwa mtu kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chakula. Hapo shemeji anapata gramu 8 hivi za mafuta yaliyoshiba kutoka kwenye samli, pengine na zaidi, maana najua sahani ya baba haipakuliwi kama ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,100, hizo ni gramu 23. Samli basi imechukua theluthi moja ya kiasi chote.

Na sasa nazi, ambayo umeitaja kwa kupita tu na hakuna aliyeituhumu. Nyama ya nazi moja iliyokomaa ina uzito wa gramu 300 hadi 400, na theluthi yake ni mafuta. Ukikuna, ukakamua tui la kwanza, ukatia maji ukakamua la pili, zaidi ya nusu ya mafuta hayo yanaingia chunguni. Tuseme gramu 60 kwa kukadiria chini. Gawa kwa watano, ni gramu 12 kwa kila mtu, na mafuta ya nazi yameshiba kuliko samli: karibu asilimia 90. Kwa hiyo wali wa nazi, samaki wa nazi na mchicha wa nazi vinampa shemeji gramu 10 au zaidi za mafuta yaliyoshiba kwa siku, kuliko hata samli. Jumla tayari ni 18 kati ya 23, na hatujagusa nyama, maziwa ya chai, maandazi ya asubuhi wala chapati anazoagiza dukani mchana.

Sisemi haya kwa kuichukia nazi. Mimi mwenyewe siwezi kuwaza kisamvu bila tui. Nasema kwa sababu naona nyumba nyingi za pwani zikiitupa samli kwa hasira, zikaona zimemaliza kazi, huku nazi inakunwa kila siku kama kawaida na kipimo cha pili kinarudi kile kile. Mwaka 2020 majaribio kadhaa ya mafuta ya nazi yalikusanywa na kupimwa pamoja: ukilinganisha na mafuta ya maji kama ya alizeti au soya, nazi ilipandisha LDL kwa 0.27 mmol/L hivi, kipimo kile kile cha majibu ya shemeji. Ilipandisha na HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, kidogo, na wauza mafuta ya nazi husimamia hapo. Lakini dawa zilizoundwa mahsusi kupandisha HDL zilijaribiwa kwa maelfu ya watu na hazikuleta faida ya moyo iliyotarajiwa, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu HDL iliyoongezeka kwa tui inafuta LDL iliyoongezeka kwa tui lile lile.

Ukiitoa samli kwenye mapishi ya kila siku ukaweka alizeti kwa kiasi kile kile, shemeji atapunguza gramu kama 7 za mafuta yaliyoshiba kwa siku, yaani asilimia 3 ya nishati yake. Majaribio mengi yaliyojumlishwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 yanaonyesha kwamba kila asilimia 1 ya nishati inayohama kutoka mafuta yaliyoshiba kwenda mafuta ya aina ya alizeti hushusha LDL kwa wastani wa 0.055 mmol/L. Zidisha kwa tatu: 0.16 hivi. Ukipunguza na nazi kwa nusu, unaongeza kama 0.1. LDL ya 4.5 inakuja 4.2 au karibu na hapo.

Natumaini sasa unaona mambo mawili kwa pamoja. Samli haikumfikisha shemeji kwenye 4.5 peke yake, na mtu anayesema ukiacha samli tu umepona anakudanganya. Lakini anayesema samli haina athari yoyote naye anakudanganya, maana athari ipo, inapimika, na inarudiwa kila siku kwa miaka 30.

Nije kwenye video. Hazijatunga kila kitu. Mwaka 2010 na mwaka 2014 zilitoka chambuzi kubwa zilizounganisha tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi, na hazikuona uhusiano wa wazi kati ya kiasi cha mafuta yaliyoshiba mtu anachokula na ugonjwa wa moyo. Vichwa vya habari vikasema siagi imesafishwa jina. Wasichokueleza ni kwamba mtu anayekula mafuta kidogo yaliyoshiba lazima anakula kitu kingine badala yake. Kama badala yake ni mkate mweupe, soda na biskuti, moyo haupati nafuu, na katika tafiti zile watu wa namna hiyo walikuwa wengi. Badala yake ikiwa ni mafuta yasiyoshiba, nafuu inaonekana. Majaribio yenyewe, ambamo watu walibadilishwa chakula kwa miaka miwili au zaidi, yalijumlishwa mwaka 2020 na kuonyesha kuwa kupunguza mafuta yaliyoshiba kulipunguza matukio ya moyo na mishipa kwa asilimia 17 hivi. Vifo kwa jumla havikubadilika sana ndani ya muda huo, nami sitakuficha hilo.

Na je, LDL yenyewe ina hatia kweli, au ni biashara ya wauza dawa? Jibu lenye nguvu zaidi halikutoka kwenye dawa hata kidogo. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa Wamarekani weusi ambao asilimia 2.6 yao walizaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9. Hitilafu hiyo huacha vipokezi vya ini vikiwa vingi, hivyo LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 kuliko ya wenzao. Hawakumeza kidonge, hawakufuata lishe ya mtu. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Nguvu ya LDL iliyo chini tangu utotoni ndiyo hiyo, na hakuna kiwanda kilichouza kitu hapo.

Utasikia pia habari za Wamasai, na hii inahusu nchi yetu kwa hiyo tuitazame vizuri. Mwaka 1964 daktari George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa Wamasai wa Tanganyika: watu wa maziwa, nyama na damu, mafuta ya mnyama kwa wingi, na bado kolesteroli yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno. Video huishia hapo. Mann huyo huyo, mwaka 1972, alichapisha matokeo ya kupasua mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Mishipa ya moyo ilikuwa na kuta zilizonenepa kama za wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia, na Mann alidhani mwendo wao wa miguu wa kila siku ndio ulioipanua. Watafiti wengine mwaka 1971 waliona kuwa miili ya Wamasai ina uwezo mkubwa wa kupunguza kolesteroli inayotengenezwa ndani pale inapoingia ya chakula. Shemeji anakaa kwenye kiti nyuma ya kaunta toka asubuhi hadi isha. Hawezi kuchukua sahani ya murani akaacha miguu yake.

Wapo pia wanaotaja vijiji vya Rajasthan, India, ambako mwaka 1997 ilichapishwa taarifa kwamba wanaume waliokula zaidi ya kilo moja ya samli kwa mwezi walikuwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko wenzao. Watu hao walitazamwa mara moja, mbele ya mtafiti, wala hawakufuatiliwa. Kijijini anayekula samli kilo moja mara nyingi ndiye mwenye ng'ombe, shamba na kazi ya jembe, na aliyeambiwa ana moyo mbovu huenda alishaacha samli kabla mtafiti hajafika. Taarifa ya namna hiyo inafaa kuanzishia swali tu.

Kuhusu alizeti kuwa sumu: hofu ni kwamba asidi ya linoleiki iliyomo huwasha mwili ndani. Majaribio yaliyopima viashiria hivyo kwenye damu hayajaona vikipanda mtu anapoongeza linoleiki. Mafuta haya huharibika kwa namna nyingine, na hapo nakubaliana na wenye wasiwasi: yakikaangiwa mara nyingi, siku baada ya siku, yakawa meusi na mazito kama yale ya baadhi ya vibanda vya chipsi, yanazalisha vitu visivyofaa. Nyumbani kaangia mara moja, au mbili yakiwa bado safi, kisha mwaga. Samli inavumilia moto mkali kuliko mafuta mengi, hiyo ni sifa yake ya kweli, lakini mchuzi wa kawaida haufiki kwenye moto huo.

Jirani zetu wa Morisi walifanya jambo hili kwa nchi nzima. Mafuta ya kupikia ya mgao, yaliyoliwa na karibu kila nyumba, yalikuwa kwa sehemu kubwa ya mawese. Mwaka 1987 serikali ikaagiza yawe ya soya. Kufikia mwaka 1992 wastani wa kolesteroli jumla ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Waliokokotoa waliona kwamba mabadiliko ya mafuta peke yake yanaeleza karibu nusu ya mshuko huo, na mengine yaliyobadilika katika maisha ya watu yanaeleza iliyobaki. Hakuna aliyeacha kukaanga. Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya chupa.

Ndiyo maana agizo la daktari la kuacha mafuta ninaliona fupi mno. Najua foleni zilivyo na hana nusu saa ya kila mgonjwa. Lakini mgonjwa anayelisikia hivyo hivyo hurudi nyumbani akala mboga ya kuchemsha chukuchuku, akashindwa kushiba, akaongeza ugali, wali, mkate na chai yenye sukari vijiko vitatu. Trigliseraidi, mafuta mengine ya damu yanayopimwa pamoja na kolesteroli, hupanda hivyo. Ya shemeji ni 1.9 wakati tunapenda isizidi 1.7, na kinachoipandisha zaidi ni sukari na wanga mweupe mwingi, pamoja na kitambi. Asiache mafuta. Abadili mafuta, kisha apunguze mlima wa wali.

Kwa jikoni lako ningefanya hivi. Mafuta ya kila siku, ya kukaangia kitunguu na kuunga mboga, yawe ya alizeti, na yale yanayokamuliwa Singida na Dodoma yanafaa kabisa. Ufuta na karanga navyo ni vizuri. Usimwage kutoka kwenye dumu moja kwa moja. Teka kwa kijiko, vijiko vitano au sita vya chakula kwa sufuria za siku nzima kwa watu watano vinatosha. Nunua dumu lenye jina la mmea. Yale yanayoandikwa mafuta ya kula tu, au ya kupimiwa dukani, mara nyingi ni ya mawese yaliyochujwa, na zaidi ya theluthi yake ni mafuta yaliyoshiba. Kuyatambua ni rahisi: weka kidogo kwenye gilasi ndani ya friji usiku kucha. Alizeti asubuhi itakuwa ingali maji, ya mawese yatakuwa yamefanya ukungu mweupe au yameganda. Ukiwa na ndugu Lushoto hata friji huhitaji, asubuhi ya Julai inatosha.

Tafadhali usihame kutoka samli ya ng'ombe kwenda mafuta ya mgando ya kopo, hata kama kopo limeandikwa kwamba ni ya mimea na hayana kolesteroli. Hakuna mafuta ya mmea wowote yenye kolesteroli ya kutaja, kwa hiyo sifa hiyo haikuambii chochote. Mafuta ya maji hugandishwa ama kwa kuchanganywa na sehemu ngumu ya mawese, ambayo imeshiba, ama kwa kutiwa haidrojeni, na njia hiyo ya pili isipokamilishwa huzaa mafuta ya transi. Hayo ndiyo mabaya kuliko yote, yanapandisha LDL na kushusha HDL kwa wakati mmoja, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Ukinilazimisha kuchagua kati ya samli halisi na kopo lisiloeleza kilichomo, nachukua samli.

Samli yenyewe iwekee mahali pake. Boko boko ya Idi bila samli juu si boko boko, na halua haipikwi kwa alizeti. Pilau ya Ijumaa ikaangie kitunguu kwa alizeti, kisha tia kijiko kimoja cha samli mwishoni unapopalia, harufu itajaa nyumba nzima na hakuna atakayejua umepunguza. Chapati ndizo zinazomeza samli kimyakimya: unapaka kabla ya kukunja, unapaka tena kwenye chuma upande huu na upande ule, na chapati moja inaondoka na kijiko kizima. Paka alizeti kwa brashi, au muwe na siku mbili za chapati kwa wiki badala ya tano. Kilo mbili za mwezi zikishuka kuwa robo kilo, sina ugomvi na samli tena.

Nazi ifanye ya siku tatu kwa wiki, au tumia nusu nazi na ulitie tui mwishoni kwa ajili ya ladha badala ya kupikia kila kitu. Siku nyingine samaki awe wa kupaka ndimu na kuchoma, dagaa wa nyanya, mchicha wa karanga. Ongeza kunde, choroko na maharage karibu kila siku: nyuzinyuzi zake hushika nyongo tumboni zikaitoa nje, na ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu kutengeneza nyongo nyingine. Ni kupungua kwa asilimia chache, lakini ni chakula cha bei nafuu na hakina madhara.

Kitu kimoja ambacho wachache wanakijua: kahawa chungu. Kahawa inayochemshwa na unga wake bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na mafuta ya buni yenye kafestoli, na kafestoli inapandisha LDL. Vikombe viwili vidogo barazani si neno. Kama shemeji ni mtu wa vikombe vinane kwa siku, mwambie apunguze.

Sasa dawa. Tukifanya yote haya vizuri, na shemeji akatembea nusu saa kwa siku na kupunguza kilo kadhaa, nategemea LDL ifike 4 au chini kidogo. Kwa mtu mwenye presha katika umri wake, madaktari hutaka iwe chini ya 2.6. Pengo hilo chakula hakiwezi kulijaza. Atorvastatini kwa dozi za kawaida za miligramu 10 au 20 hushusha LDL kwa zaidi ya theluthi, na inafanya hivyo kwa kuongeza vile vile vipokezi vya ini ambavyo samli na nazi vinavipunguza. Kutoka 4 inakwenda karibu na 2.6. Majaribio yaliyohusisha watu wengi sana yanaonyesha kila mmol/L 1 inayoshuka inapunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa, viharusi vikiwemo, kwa asilimia 22 hivi. Akipata maumivu ya misuli yasiyoelezeka, asiache kimyakimya. Amwambie daktari, zipo dozi nyingine na dawa nyingine. Arudie kipimo baada ya wiki 8 hadi 12, maabara ile ile ikiwezekana. Na muulize kama baba yake au ndugu yake yeyote alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55. Kama yupo, LDL hii huenda ni ya kurithi na watoto nao wapimwe, kijana wa video akiwemo.

Binti yako msimkataze. Kolesteroli hupanda yenyewe wakati wa ujauzito na huchukua wiki kadhaa baada ya kujifungua kurudi chini, kwa hiyo wala asipimwe sasa. Kijiko cha samli kwenye uji wa pilipili manga kwa siku za arobaini hakimdhuru mwanamke kijana mwenye afya, na kinampa nishati wakati ananyonyesha. Ila mwambie bibi kwamba samli haiongezi damu. Mzazi aliyepoteza damu anahitaji maini, samaki, maharage, mboga za majani na vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kliniki, na samli isimshibishe akavikosa hivyo. Kama binti alikuwa na presha au kisukari cha mimba, basi kijiko hicho kiwe kidogo, na wakati wa kliniki ya mtoto na yeye mwenyewe apimwe presha na sukari.